Ishirini kwa Ishirini, kwa Kalamu Nyekundu

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hata mtu akiwa amefura kwa hasira, mkubwa anaamkiwa kwanza, mengine baadaye. Haya, nimekuamkia. Sasa mengine.

Nimekukasirikia, Baba. Sikusema hivyo kanisani wala kaburini, na watu walipokuja kunishika mkono na kuniambia ulikuwa mwalimu wa kupigiwa mfano, niliitikia asante. Sasa miezi mitano imepita, matanga tumeanua, wageni wamerudi makwao, na mimi nimekaa mezani kwako, kwenye kiti chako kile chenye mguu uliofungwa waya. Nakuandikia kwa sababu nikiendelea kulibeba jambo hili kifuani nitamfokea Mama, na Mama hana kosa. Bahasha siifungi. Atakayetaka kusoma asome, maana wanafunzi wako wamejaa kuanzia huku Mbinga hadi kule ziwani Nyasa, na wengi wanakujua upande mmoja tu.

Uliharibu picha zangu. Zote kumi na mbili.

Wewe unazijua, lakini kwa ajili ya hao wengine ngoja nieleze. Nilizikusanya kwa miaka minane, moja baada ya moja, tangu nilipohamishiwa Mbamba Bay kuchora ramani kwenye ofisi ya ardhi. Nyuma ya stendi pale kuna kibanda cha Fundi Otmari, mchapaji wa fulana: za kwaya, za jubilei, za timu za mpira, za wagombea. Nilikwenda kwake kuchapisha fulana za kikundi cha kina Mama. Kwenye kamba aliyoanikia fulana kulikuwa na karatasi moja imebanwa kwa vibanio vya nguo. Ilikuwa na samaki, mbasa mzima mzima, amevaa tai nyekundu, amekaa nyuma ya meza ya ofisi na ameshika mhuri. Kwenye glasi ya maji iliyokuwa mezani kwake kulikuwa na ziwa lote na milima ya ng'ambo. Rangi zake zilikuwa zile kali za pakiti za sabuni, waridi na manjano na bluu. Nilisimama pale mpaka nikasahau fulana zilizonipeleka.

Baadaye nilisoma kwamba mambo hayo huko duniani yana majina. Kuchukua vitu vya dukani na vya jikoni na kuvipaka rangi za tangazo wanaita sanaa ya pop, na ule upande wa ndoto, wa samaki kuvaa tai na kwenda kazini, wanauita usurealisti. Nilipomweleza Fundi alinisikiliza kwa adabu, halafu akasema yeye anachora kile anachokiona akijilaza mchana baada ya kushiba ugali wa muhogo.

Kila picha anachapa nakala ishirini tu. Anawamba kitambaa chembamba kwenye fremu ya mbao, anaziba sehemu zisizotakiwa kupata rangi, anaweka karatasi chini na kuikamua rangi kwa kibao cha mpira. Rangi moja ikikauka anaanza nyingine. Zikitimia ishirini anachukua wembe anakichana kile kitambaa. Siku ile ya kwanza nilimuuliza kwa nini anakichana wakati angeweza kuchapa mia. Akasema, "Ili nisije nikajaribiwa." Kisha anachukua penseli, chini kulia anaandika jina lake, chini kushoto anaandika namba: 1/20, 2/20, 3/20, mpaka mwisho. Maana yake hii ni ya kwanza kati ya ishirini, hii ni ya tatu. Hakuna nyingine duniani yenye namba hiyo. Ile namba ndiyo inayosema kwamba picha ni ya kweli na kwamba fundi aliishika kwa mikono yake.

Wenzangu walionunua walizibandika kwa gundi kwenye saluni na vibanda vya chipsi, jua likazila. Nyingine ziliondoka na wageni wa ufukweni. Za Fundi mwenyewe ziliingiliwa na mchwa. Kwa hiyo seti kamili iliyobaki juu ya ardhi hii ilikuwa yangu peke yangu, na mimi nikaileta kwako. Kule ziwani karatasi haidumu, joto na unyevunyevu vinaitia madoa meusi. Huku juu kuna baridi, na sebule yako haipigwi na jua la mchana. Nilikuamini, Baba. Ningekuwa na mtu mwingine wa kumwamini kuliko wewe ningempelekea yeye.

Nakumbuka siku niliyozitundika za kwanza. Ulivaa miwani, ukaweka mikono mgongoni, ukapita ukutani taratibu vile ulivyokuwa ukipita kati ya madawati wakati wa mtihani. Ulipofika kwa yule samaki ukainama.

"Hyasinta, huyu kapata tatu kati ya ishirini?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ukaenda kwenye ya pili, ikawa saba. Ya tatu, kumi na moja. Na hapa nina kosa langu, nalikiri mbele ya wote. Badala ya kukueleza nilikutania, nikasema ndiyo Baba, wamefeli wote, ndiyo maana nimewaleta kwako. Hukucheka. Ulisema kwenye nyumba ya mwalimu hakutundikwi matokeo ya namna hiyo. Nikajiambia nitakueleza siku nyingine, na kila nikipanda kuja huku nikaona utamu kuuacha utani uendelee. Basi, nusu ya kosa naichukua. Nusu tu.

Jumapili baada ya misa, Mama akiwa jikoni, tulikaa mimi na wewe tukazisoma picha hizo moja moja. Sitadanganya kwa sababu ya hasira: zile ndizo saa nzuri kuliko zote nilizowahi kukaa na wewe. Mimi nilijitia mjuzi kwa vitabu vyangu viwili vitatu. Wewe hukusoma hata kimoja na bado ulinishinda. Kuhusu yule samaki nilikwambia ni dhihaka kwa urasimu. Ukasema, hapana, huyu ni mtumishi aliyehamishiwa huku bila kupenda, angalia glasi yake, amekuja na kwao. Ofisini kwangu wamejaa wenzangu wa mikoa ya mbali wanaokula chakula cha mchana huku wanatazama picha za nyumbani kwenye simu, na sikuwahi kuwaona ndani ya samaki yule mpaka uliponionyesha.

Ile yenye chupa tisa za chai, kila moja na rangi yake na kila moja na sikio la mtu ubavuni, nilisema inahusu upelelezi. Ukasema ni msiba, kwa sababu ni msibani tu ndiko chupa za chai hukusanyika nyingi hivyo na kusikia kila linalosemwa juu ya marehemu. Ile ya ngoro, mlima mzima wa mashimo yetu ya kulimia na ndani ya kila shimo jicho limefumbuka, ulisema hao ni wazee wanakagua kama majani tumeyafukia vizuri. Mama alikuja na sahani akauliza mbona tunacheka hivyo, na hatukuweza kumweleza.

Halafu ikaja ile inayoitwa Darasa. Madawati ya rangi ya waridi, na kwenye kila dawati kikombe cha bati kimekaa mahali pa mtoto. Mbele amesimama mwalimu, suruali ya kaki, fimbo mkononi, na hana kichwa. Juu ya kola ya shati kuna rimu ya gari, ile inayogongwa kuwa kengele ya shule. Namba yake ilikuwa 1/20. Fundi aliniwekea mwenyewe ile ya kwanza, akasema hii iende kwenu.

Ulisimama mbele yake muda mrefu. Ukasema, "Hii itoe."

Mimi nikadhani ni ualimu tu umekuuma. Nikakuketisha, nikakutolea mhadhara. Nikakwambia yule si mtu, ule ni mfumo. Nikakwambia vikombe vitupu ni elimu ya kukariri, na chuma mahali pa kichwa ni mamlaka yasiyosikia. Nilisema maneno mengi sana, Baba, nikinyooshea kidole kila pembe. Ulinisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, ukasema tu, "Sawa." Picha ikabaki ukutani na mimi nikajiona nimeshinda.

Presha ilipokuchukua, wanaume walitoa makochi nje, kina mama wakatandika mikeka, na mtu mmoja akazishusha picha zote, akazifunga kwenye vitenge viwili na kuziweka juu ya kabati chumbani kwenu. Ndivyo inavyofanyika kwenye msiba, sebule inaachwa tupu. Kwa hiyo siku zote zile za kilio sikuziona.

Kabla hujaondoka nilikuwa nimekwisha kukwambia habari za yule mama wa Dar es Salaam anayeandaa maonyesho. Nilimtumia picha nilizozipiga kwa simu zamani, akapiga kelele za furaha mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. Alitaka zote kumi na mbili, ukuta mmoja, jina la Fundi Otmari mlangoni kwa herufi kubwa, na Fundi mwenyewe awepo siku ya ufunguzi. Fundi ambaye hajawahi kuvuka Songea. Alikwisha kupeleka kitambaa cha suti kwa fundi cherehani, kaniuliza mara mbili kama Dar wanavaa tai. Mzee anazeeka, mkono wa kulia umeanza kumtetemeka, na safari ile ndiyo iliyokuwa nafasi yake ya kujulikana kwamba yeye si mchapa fulana tu. Haikuwa mapambo ya sebuleni, Baba. Ilikuwa maisha ya mtu.

Yule mama alifunga safari akaja mpaka hapa nyumbani. Mama aliandaa chai. Tukafungua kitenge cha kwanza juu ya meza hii hii, na aliyetoka wa kwanza alikuwa samaki. Chini kushoto hapakuwa na 3/20. Palikuwa na karatasi iliyosuguliwa kwa raba mpaka imeota vinyweleo, na juu yake, kwa kalamu nyekundu, 20/20. Pembeni ile vema yako kubwa yenye mkia. Chini yake, "Vizuri sana." Na saini yako.

Nikafungua ya pili. Ishirini kwa ishirini. Ya tatu, ishirini kwa ishirini. Niliendelea mpaka ya kumi na mbili. Jina la Otmari hukuligusa hata mara moja, maana daftari lazima libaki na jina la mwenyewe. Kwenye Darasa peke yake hukuandika "Vizuri sana." Uliandika "Nimeona," kama mnavyoandika mnapokagua madaftari. Nikafikiri labda ulikuwa umechoka.

Yule mama hakunifokea, na afadhali angenifokea. Aliinama akatazama kwa karibu, kisha akaniuliza kwa upole, kuna mtoto hapa nyumbani? Nikasema, hapana, ni Baba yangu, alikuwa mwalimu. Ulinivua nguo mbele ya mgeni, Baba, na wewe umelala hapo nje chini ya migomba, huwezi hata kuulizwa. Akasema kwa hali ile haziwezi kupokelewa, kwa mtazamaji ni mabango yaliyochezewa. Lakini yuko mtaalamu kule Dar anayeweza kuutoa wino ule mwekundu kwa dawa, polepole, na baada ya hapo Fundi aandike upya namba zake kwa mkono wake na kuweka sahihi kwamba ni zake. Kilichotakiwa ni ridhaa ya Fundi tu, na itolewe mapema.

Mgeni alipoondoka nikamgeukia Mama. Mama akasema ulikaa nazo siku tatu, wiki ile ile ya presha, mimi nikiwa Mbamba Bay. Ulimwomba akutandikie shuka safi mezani, ukavaa saa, ukakaa hivyo ulivyokuwa ukikaa kipindi cha mitihani, hutaki kuongeleshwa, uji unapoa pembeni. Alidhani tumekubaliana. Alidhani mimi ndiye niliyekutuma.

Nikazifunga picha, nikateremka nazo Mbamba Bay. Njiani nilikuwa nimekasirika, ndiyo, lakini nilikwisha kukusamehe robo tatu. Nilijisemea, maskini Baba, aliona watoto wa watu wamefeli ukutani kwake, roho ya ualimu ikamshinda. Nilikuwa naona hata kichekesho ndani yake. Nilikuwa napanga namna nitakavyomsimulia Fundi ili acheke kabla hajaumia.

Nikazitandaza kwenye meza yake ya kuchapia. Nikamwambia, Fundi, pole sana, mzee wangu alifikiri namba zako ni alama za mtihani, hakujua. Fundi hakuzitazama kwanza. Alinitazama mimi.

"Binti Mwalimu," akasema, "alijua."

Akanieleza. Mwaka jana, msimu wa baridi, ulishuka kwenye gari pale stendi umevaa koti lako la misa, ukauliza kwa watu mpaka ukamfikia. Hukutaka kukaa. Ulimuuliza zile alama alipewa na nani. Akakueleza vile nilivyopaswa kukueleza mimi, kwamba si alama, ni hesabu ya nakala, hii ya kwanza, hii ya tatu. Ukaelewa mara moja. Ukamuuliza, kwa hiyo hakuna mtu aliyewahi kuisahihisha kazi yako? Akasema hakuna. Ndipo ukavua kofia ukamuuliza kama anakukumbuka, naye akasema angekusahauje.

Kihagara, Baba. Kituo chako cha kwanza, mimi sijazaliwa. Hukuwahi kunisimulia lolote la Kihagara zaidi ya kwamba mihogo ilikuwa mizuri. Otmari alikuwa darasa la nne. Kwenye daftari lake la hesabu alimchora mwalimu mwenye rimu ya gari badala ya kichwa, akakaa akijichekea peke yake. Ulilichukua daftari. Uliandika sifuri kwa wino mwekundu ukurasa mzima, ukamtembeza darasa hadi darasa amelinyanyua juu ya kichwa, wenzake wakimzomea, na wewe nyuma yake na fimbo. Kesho yake hakuja shule. Alikwenda kwa mjomba wake kuanika usipa, dagaa wa kule ziwani, na hakurudi tena shule yoyote mpaka leo. Alinisimulia yote hayo huku anapangusa kibao chake cha mpira, sauti yake haikupanda hata kidogo.

Akasema ulipoaga alikwambia usubiri, gari bado halijajaa. Ukamjibu, "Nakwenda kusahihisha."

Neno hilo nimelilalia na kuliamkia tangu utotoni. Baba anasahihisha, msipige kelele. Baba anasahihisha, chakula chake kifunikeni. Kwangu lilikuwa na maana moja, rundo la madaftari na kalamu nyekundu. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kwenda kusahihisha kosa lake mwenyewe, na hata siku hiyo moja uliyokwenda kufanya hivyo, ulifanya kwa kalamu ile ile.

Na hapo ndipo hasira yangu ilipoanza upya. Kama hukujua, ningekusamehe na tungeyamaliza. Kumbe ulijua. Ulijua namba zile ni nini, ulijua nimehangaika nazo miaka minane, ulijua maonyesho yanakuja kwa sababu nilikwambia mwenyewe hapo ulipokuwa ukikaa, ukaitikia vizuri, vizuri. Na bado ukachukua raba. Hukuwa na karatasi nyingine humu ndani? Kabati lako limejaa madaftari matupu mpaka leo. Ungechukua ukurasa mmoja ukaandika, Otmari, nilikukosea, nisamehe, ukaupeleka na jogoo. Ungesema mbele yake palepale kibandani. Lakini neno nisamehe halikuwahi kutoka kwako, si kwa Mama, si kwangu, si kwa mtu, na ulipofika uzeeni likawa linakukaba ukatumia vitu vyangu kulikwepa. Ulimwomba radhi kwa mali yangu, Baba, bila hata kunipigia simu, na simu ulikuwa nayo, kila jioni ulinipigia kuniuliza kama huko kuna mvua.

Na mhadhara wangu je? Uliniacha nikueleze wewe kwamba yule si mtu. Uliniacha ninyooshe kidole kwenye suruali yako ya kaki na kuiita mfumo. Ungenikatiza. Ungesema tu, mwanangu, huyo ni mimi. Ningekaa kimya. Ningekupenda zaidi, kama hilo lilikuwa linakutia hofu.

Fundi alipomaliza kusimulia ndipo akavaa miwani yake, ile aliyoifunga kwa uzi, akazisoma. Hakutazama samaki wala chupa za chai. Alipitisha kidole kwenye wino wako, moja baada ya nyingine, midomo inacheza kama mtoto anayeunganisha silabi. Ishirini. Ishirini. Vizuri sana. Alipofika kwenye Darasa kidole kilisimama kwenye lile neno "Nimeona," na hakikuondoka. Mimi nikaona ni wakati wa kumweleza habari za mtaalamu na ile dawa, kwamba wino utatoka wote, hautaacha alama, atabakiwa na kuandika namba tu.

Akazivuta picha zote upande wake wa meza.

"Hizi alama ni zangu," akasema. "Hakuna wa kuzifuta."

Nikamwambia habari za Dar, ukuta mmoja, jina lake mlangoni. Akasema amesikia. Nikamkumbusha suti. Akasema ataivaa kwenye misa. Nilimpandishia sauti, Baba, mtu wa umri ule, mpaka watu wa stendi wakageuka. Nilimwambia, Fundi, hakuna nyingine, vitambaa umevichana vyote mwenyewe kwa wembe wako, ukikataa hizi hakuna mtu atakayejua kama uliwahi kuwepo. Akasema, "Najua." Kisha akaniuliza kama mimi niliwahi kupata sifuri. Nikasema hapana. Akatikisa kichwa, akaanza kutafuta kitu cha kuzifungia.

Nilizimwachia. Ningefanyaje? Aliniambia nichague moja nibaki nayo, nikasema sitaki hata moja, na nilijuta kabla sijafika barabarani. Yule mama wa Dar nimempigia, amesikitika, ukuta wake ameshampa mchoraji mwingine. Hapa sebuleni imebaki misumari kumi na mbili na vivuli vya mraba mahali ambapo moshi haukufika. Mama anataka tutundike kalenda ya parokia. Nimemwambia asubiri.

Kila mtu ninayemsimulia anasema ni jambo zuri ulilofanya. Paroko kasema ni zuri. Mama kalia kasema ni zuri. Mimi siwezi, na nitakwambia kwa nini, kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Darasa la sita ulikuwa mwalimu wangu. Shuleni nilikuita Mwalimu kama wengine, na nilipojisahau nikakuita Baba ulijifanya hukusikia. Kila ulipokusanya madaftari, la kwangu ulilitoa kwenye rundo ukalipeleka darasa la jirani likasahihishwe na mwalimu mwenzako, ili asije mtu akasema unampendelea mwanao. Ulikuwa na haki. Watu wote walikusifu kwa hilo. Lakini watoto arobaini walikuwa na mwandiko wako kwenye madaftari yao, na mimi nilikuwa naazima daftari la mwenzangu wa dawati nipitishe kidole kwenye wino wako. Tangu nizaliwe mpaka unakufa kalamu yako haikuwahi kugusa kitu changu, na ilipogusa, kumbe ilikuwa inamwandikia mtu mwingine.

Nimemaliza, Baba. Lala unavyoweza. Kaburi Mama analipalilia, mimi nitakuja hasira zikishuka, na bado hazijashuka. Siku nitakayokuja sitataka unieleze habari za Otmari, hizo nimezielewa zote. Nitakuuliza moja tu.

Mimi ulinipa ngapi?

Binti yako,
Hyasinta